Mistari na Ukavu Chini ya Macho: Kwanza Uondoe, Ndipo Uongeze

Swali la msomaji: «Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu, nina miaka 39. Nimezaliwa na kukulia Tanga, nikahamia Dodoma miaka miwili iliyopita. Tangu nihamie, ngozi ya chini ya macho imekauka na ina mistari mingi midogo. Nikipaka poda inajikusanya humo. Naosha uso kwa sabuni asubuhi na jioni, kisha napaka glisirini. Jirani alinipatia krimu ya kikopo kidogo kisicho na maandishi. Wiki ya kwanza ngozi ilinyooka ikang'aa, lakini sasa ni wiki ya tano, na nikiiacha siku mbili tu panawasha na kuwa pekundu. Mwenzangu kazini ananiambia ninunue retinoli. Je, ninunue krimu gani ya macho? Na hii mistari ni uzee?»

Marahaba, Mwalimu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu nahisi ndilo linalokusumbua kuliko yote. Sijakuona ana kwa ana, na ngozi haisomeki vizuri kwa maelezo peke yake, lakini uliyoyaandika yananifanya niamini kwamba sehemu kubwa ya unachokiona kwenye kioo ni kiu ya ngozi pamoja na karaha ya vitu inavyopakwa, na sehemu ndogo tu ndiyo umri. Mikunjo ya umri huja polepole kwa miaka mingi. Haiji kwa kuhama mji, wala haizidi kwa wiki tano. Ushauri wa mwenzako kuhusu retinoli, kiambato cha jamii ya vitamini A cha kupunguza mikunjo, si mbaya, ila umekuja kabla ya wakati wake. Ukiipaka leo juu ya ngozi iliyochoshwa na sabuni na kuzoeshwa krimu usiyoijua, itakuunguza, nawe utaitupa na kusema haifai. Kwa hiyo nitakujibu kwa mpangilio ambao ningeufuata kama ungekuwa umekaa mbele yangu kliniki: kwanza tuondoe vinavyoiumiza ngozi, ndipo tuzungumze cha kuongeza.

Ngozi ya kope na ya chini yake ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini. Unene wake kwa kawaida ni kama nusu milimita, na mara nyingine ni pungufu ya hapo. Haina mto wa mafuta wa kuikalia kama ngozi ya shavu. Imelala moja kwa moja juu ya msuli wa mviringo unaofumba jicho, na msuli huo haupumziki: hufanya kazi unapocheka, unapokaza macho ukimtafuta mwanafunzi anayepiga kelele dawati la nyuma, na kila unapopepesa, jambo ambalo mtu hulifanya mara 15 hadi 20 kwa dakika akiwa macho. Tezi za mafuta, zile zinazoifanya pua ing'ae ifikapo saa sita mchana, hapa ni chache na ndogo. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na paji la uso lenye mafuta tele, na chini ya macho pakawa pakavu kama karatasi.

Wewe uliyekulia Tanga utanielewa nikilinganisha tabaka la juu la ngozi na paa la makuti. Makuti yakipangwa yakabanana, maji hayapiti. Yakikauka na kujikunja ncha, mwanga hupenya kila mahali. Seli za tabaka la juu hupangana vivyo hivyo, zikishikwa na mafuta maalumu yanayotengenezwa na ngozi yenyewe, na kazi yake kubwa ni kuyazuia maji ya mwilini yasitorokee hewani. Tanga hewa imejaa unyevu wa bahari, kwa hiyo hata mwenye paa bovu haaibiki. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mvua yake ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili, na miezi iliyobaki ni ukavu, vumbi na upepo. Hewa ya namna hiyo hunyonya maji kutoka kwenye ngozi mchana na usiku. Seli za juu husinyaa, na vimistari ambavyo Tanga visingeonekana hujichora vyote kwa pamoja. Huo si uzee. Hayo ni mazingira.

Lipo jaribio unaloweza kulifanya nyumbani, mara ngozi itakapokuwa imetulia baada ya kuiacha ile krimu. Usiku, osha uso kwa maji matupu, acha pale chini ya macho pawe na unyevu kidogo, pitisha juu yake vaselini nyepesi kiasi cha kung'aa tu, kisha ulale. Asubuhi, kabla ya kunawa, simama kando ya dirisha ili mwanga ukuangukie kutoka ubavuni, ujitazame ukiwa umetulia, halafu ujitazame ukitabasamu. Vimistari vidogo vilivyokatana kama wavu, vilivyokuwapo jana na leo vimefifia, vilikuwa vya ukavu. Mistari inayotokea tu unapotabasamu ni ya msuli, na binafsi sioni sababu ya mtu kuionea haya. Inayobaki hata uso ukiwa umetulia na ngozi imeshiba maji, hiyo ndiyo ya umri na jua, na hiyo ndiyo retinoli inaweza kuipunguza kwa kiasi. Kuna jambo la nne ambalo watu huliita mstari ilhali ni kivuli: bonde linaloanzia kona ya ndani ya jicho kuteremka kuelekea shavuni. Ukisogeza uso mbele ya mwanga, nalo hubadilika. Hakuna krimu inayoweza kulijaza bonde, hata iwe ya bei gani.

Sasa tuzungumzie kikopo cha jirani, kwa sababu ndicho kinachonitia wasiwasi katika barua yako yote. Krimu inayonyoosha na kung'arisha ngozi ndani ya wiki moja, kisha ukiiacha siku mbili ngozi inawaka, inawasha na kuwa nyekundu, ina tabia zote za krimu yenye steroidi. Dawa za kundi hilo, kama betamethasoni na klobetasoli, ni dawa nzuri zinapoandikwa na daktari kwa ugonjwa unaojulikana na kwa muda maalumu. Hutuliza uvimbe na kubana mishipa midogo ya damu, ndiyo maana ngozi huonekana nyeupe na laini haraka. Lakini zikipakwa mfululizo huifanya ngozi izidi kuwa nyembamba, na ngozi ya kope haina unene wa kuchezewa. Vimishipa huanza kuonekana, mikunjo huongezeka, na mwenye nayo huzidi kupaka akidhani dawa haijatosha. Jingine, ambalo wengi hawalijui, ni kwamba steroidi ya karibu na jicho inaweza kupenya hadi ndani ya jicho, na ikitumika kwa muda mrefu huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Mtu akaanza kutafuta urembo, akaishia kliniki ya macho.

Si lazima iwe steroidi peke yake. Mikorogo inayozunguka mitaani huchanganywa na watu wasiopima chochote, na humo hukutwa pia haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, na zebaki. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuacha madoa ya rangi ya kijivu na bluu-nyeusi, hasa juu ya mashavu na pembeni ya macho, na madoa hayo ni magumu mno kuyaondoa. Zebaki hupita kwenye ngozi na kuumiza figo. Hapa Tanzania vipodozi vyenye viambato hivi vitatu ni marufuku, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Kimataifa nako, Mkataba wa Minamata ulizitaka nchi wanachama kuachana na vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni ifikapo mwaka 2020. Lakini marufuku haiwezi kusimama mlangoni kwako, na kikopo kisicho na maandishi hakimwambii mtu kitu.

Kwa hiyo kiache leo. Kwa kuwa umekitumia wiki tano tu na kwa sehemu ndogo, kwa kawaida mtu anaweza kukiacha mara moja. Ila jiandae, kwa sababu ngozi italalamika kwa wiki moja, mbili, pengine zaidi. Itawasha na kuwa nyekundu, nawe utashawishika kupaka kidogo tu ili itulie. Usipake. Weka kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi kwa dakika kumi, kisha vaselini, na uvumilie. Ikiwa ulikipaka usoni kote, au panavimba, panatoa maji au panachunika sana, usijitibu: nenda kwa daktari wa ngozi, na kikopo chenyewe ukichukue, hata kama kimebaki tupu, kwa maana kinaweza kutueleza mengi. Usimpe mtu mwingine kilichobakia. Jirani yako hana kosa la kugombana naye, alikupa alichokiamini. Mweleze tu.

Baada ya kikopo inafuata sabuni. Sabuni ya kipande ya kuogea huwa na pH, yaani kipimo cha uchachu, ya kati ya 9 na 10, wakati ngozi yenye afya huwa karibu na 5. Kila unaponawa nayo unayasomba yale mafuta yanayoshikanisha makuti yako, na ukinawa mara mbili kwa siku ngozi haipati nafasi ya kuyarudisha. Maji ya visima ya sehemu nyingi za Dodoma yana chumvichumvi, na maji ya namna hiyo yakikutana na sabuni huacha utando usoni, ule unaouona pia kwenye beseni. Asubuhi maji matupu yanatosha. Jioni, kama umepaka poda au losheni ya jua, tumia kisafishio cha uso cha majimaji kisicho na manukato na kisichotoa povu jingi, au pangusa kwanza kwa mafuta mepesi kwenye pamba kisha umalizie kwa maji. Maji yawe ya uvuguvugu, yasiwe ya moto.

Kisha mikono. Nakuomba ujichunguze siku moja ukiwa darasani: unaandika ubaoni, vumbi la chaki linakushika vidoleni, jicho linawasha, na bila kufikiri unalisugua kwa mgongo wa kidole cha shahada kutoka kona ya ndani hadi ya nje. Umefanya hivyo mara ngapi kabla ya kengele ya mapumziko? Kusugua huko huivuta ngozi ambayo haina kitu chini yake cha kuishikilia, na kwa watu weusi huacha weusi juu ya mistari. Kama macho yanakuwasha kila siku, yapo mawili ya kuangalia. La kwanza ni mzio wa macho wa vumbi au chavua, ambao una dawa zake za matone, na ukitibiwa mkono wenyewe huacha kupanda usoni. Watu wenye asili ya mzio, wale wenye pumu, mafua yasiyokwisha au pumu ya ngozi tangu utotoni, wengi huwa na mkunjo wa ziada chini ya kope ya chini, ambao sisi madaktari huuita mkunjo wa Dennie na Morgan. Unaweza kuwapo tangu utoto. Nimewaona akina mama waliotumia fedha nyingi kupambana na mkunjo wa aina hiyo wakidhani ni uzee, na ukiwauliza, mtoto wao wa darasa la pili anao vilevile.

La pili ni mzio wa kitu kinachogusa kope, hata kama hakikupakwa hapo. Rangi ya kucha ni mfano mzuri: vidole haviwashi kwa kuwa ngozi yake ni ngumu, lakini kucha hizohizo zikigusa kope, kope ndiyo inayovimba na kuchunika. Rangi ya nywele, gundi ya kope za bandia na manukato ya krimu hufanya hivyohivyo. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa Pwani, niseme neno juu ya wanja. Wanja wa asili wa jiwe, hasa ule unaoletwa kwa vifurushi visivyo na maelezo, unaweza kuwa na risasi kwa wingi, kwa sababu jiwe lenyewe mara nyingi ni madini ya risasi. Sikukatazi kujipamba, nunua penseli ya wanja iliyofungwa kiwandani na yenye maelezo ya viambato, na usiku uiondoe taratibu kwa pamba yenye mafuta, bila kukwangua.

Hapo ndipo tunaweza kuzungumza cha kuongeza, na nianze na ulichonacho tayari. Glisirini si adui. Kazi yake ni kuyavuta na kuyashika maji, nayo huifanya vizuri kuliko vitu vingi vya bei kubwa. Kosa liko katika namna unavyoipaka. Ukiipaka nzito, bila maji, juu ya ngozi kavu, katika hewa ya Dodoma isiyo na unyevu wa kuuvuta, itayachukua maji kutoka chini ya ngozi yako mwenyewe, na juu itabaki kama gundi ya kunasia vumbi. Wazee wetu wa Pwani waliozoea kuichanganya na maji ya waridi walikuwa wamegundua jambo la kweli, ijapokuwa waridi lenyewe halikuwa la lazima: ilihitaji maji. Dondosha tone moja la glisirini kiganjani, ongeza matone matano au sita ya maji safi, changanya kwa kidole, na upake ngozi ikiwa bado ina unyevu wa kunawa. Changanya kila mara upya, usiweke akiba kwenye chupa.

Hilo likiisha, kabla ya dakika moja kupita, lifunike. Kifuniko ndicho watu wengi hukisahau, na kwa mtu wa nyanda kavu ndicho chenye kazi kubwa. Usiku vaselini inatosha, na kwa bei yake sijaona kinachoishinda. Ila iwe nyeupe isiyo na manukato, kwa sababu nyingi zinazouzwa madukani, hata zenye picha ya mtoto mchanga, zimetiwa marashi. Kiasi ni punje moja ya mchele kwa macho yote mawili. Igawanye kwenye ncha za vidole vya pete, maana kidole hicho hakina nguvu ya kukandamiza, na uigusishe kwa kudonoadonoa juu ya mfupa wa chini ya jicho, kutoka nje kuelekea ndani. Usiifikishe kwenye mstari wa ukope. Joto la ngozi litaisogeza lenyewe, na ukiipaka pale itaingia jichoni ukaamka unaona ukungu. Kuna watu ambao mafuta mazito huwaletea vipele vyeupe vigumu mfano wa punje za ulezi. Ukiviona, hamia krimu nyepesi, na usivitumbue kwa sindano.

Mchana vaselini huweza kukera kwa kung'aa na kwa vumbi, kwa hiyo tafuta krimu ya kawaida ya kulainisha uso, isiyo na manukato, yenye glisirini pamoja na seramidi, ambazo ni sehemu ya yale mafuta yanayoshika makuti. Ikiwa na niasinamidi, aina ya vitamini B3, ni vizuri zaidi. Utaona pia bidhaa nyingi zinazojisifu kwa asidi ya hayaluroniki. Ni kitu halali kabisa. Kilitambuliwa mwaka 1934 huko New York na Karl Meyer na John Palmer, waliokitoa, kwa sadfa inayonifurahisha, ndani ya jicho la ng'ombe. Lakini sheria yake ni ileile ya glisirini: paka penye maji, kisha ufunike. Kwa mtu mwenye glisirini nyumbani na mshahara wa mwalimu, siioni kuwa ya lazima.

Hivyo, je, ununue krimu gani ya macho? Jibu langu litawaudhi wauzaji: pengine usinunue yoyote. Kichupa cha mililita 15 kinachoitwa krimu ya macho mara nyingi kina viambato vilevile vya krimu ya uso ya mililita 50, ila kwa bei ya kuzidi. Kama krimu yako ya uso haina manukato na haichomi, chini ya macho panaihitaji hiyohiyo. Cha maana zaidi ni ulichokisoma kabla ya kulipa. Chombo kiwe na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tafuta pia kipicha cha kopo lililofunguliwa kifuniko, chenye maandishi kama 6M au 12M ndani yake. Maana yake ni miezi sita au kumi na miwili tangu siku ulipoifungua. Usinunue iliyokaa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la mchana, na nyumbani usiiache juu ya kabati lililo karibu na bati. Tyubu ni bora kuliko kopo la kuchovya vidole.

Jua nalo lina sehemu yake. Husemwa kwamba mtu mweusi haumizwi na jua, na maneno hayo yana nusu ya ukweli. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1979 ulikadiria kwamba ngozi nyeusi ina kinga ya asili inayolingana na SPF (kipimo cha kinga ya jua) 13 hivi, wakati ngozi nyeupe ina kama 3. Ni kinga kubwa, na ndiyo sababu mikunjo yetu hukawia. Lakini chini ya macho ngozi ni nyembamba, Dodoma jua ni kali, nawe unasimama uwanjani wakati wa paredi ya asubuhi na kurudi nyumbani saa nane mchana. Tumia losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, inayokinga pia UVA, miale ya jua inayopenya ndani zaidi ya ngozi. Karibu na macho zile zenye oksidi ya zinki huchoma kidogo kuliko nyingine. Shida yake ni kukuacha mweupe kama umemwagiwa unga, kwa hiyo chagua yenye rangi ya kahawia. Rangi hiyo hutokana na oksidi ya chuma, ambayo pia hukinga mwanga wa kawaida unaoongeza weusi kwenye ngozi zetu. Huenda umesikia kwamba losheni ya jua hutengenezwa hapa nchini, Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC. Ni kweli, lakini ile hutengenezwa kwa ajili ya wenzetu wenye ualbino, ambao kwao ni suala la uhai, tuwaachie. Wewe ongeza kofia pana au mtandio uliovutwa mbele, na miwani ya jua yenye alama ya UV400. Miwani itakusaidia mara mbili, kwa kuwa asiyekaza macho juani hakunji ngozi, na vumbi nalo haliingii.

Tukifika hapa, wiki sita hivi zitakuwa zimepita, ngozi haiwashi, na maji hayachomi unaponawa. Sasa retinoli inaweza kuingia. Dawa za jamii hii zilianza kwa chunusi: tretinoini ilisajiliwa Marekani mwaka 1971 kwa kazi hiyo, na baadhi ya waliotibiwa wakawa wanasema ngozi imenyooka. Mwaka 1986 daktari Albert Kligman na wenzake walichapisha matokeo yao juu ya ngozi iliyozeeshwa na jua, na mwaka 1995 tretinoini ikaruhusiwa rasmi kwa mikunjo midogo. Retinoli ni ndugu yake mpole, ambaye ngozi humbadilisha kidogo kidogo kuwa dawa yenyewe. Huichochea ngozi kutengeneza kolajeni mpya, protini inayoipa ngozi uimara, ndiyo maana naiheshimu kuliko vingi vinavyotangazwa. Lakini kwetu sisi weusi haraka ina gharama yake: ngozi ikiungua huacha doa jeusi ambalo laweza kukaa miezi, na hapo utakuwa umebadilisha mstari kwa doa.

Anza na retinoli ya asilimia 0.1 hadi 0.3, usiku wa Jumanne na Ijumaa tu. Paka krimu yako kwanza, subiri ikauke, paka retinoli kiasi cha punje moja ya mchele juu ya mfupa wa chini ya jicho, usipande juu ya mfupa huo kuelekea kope, kisha paka krimu tena juu yake. Ngozi ikichubuka, ruka wiki nzima, halafu urudi kwa usiku mmoja. Baada ya mwezi wa pili, kama imetulia, unaweza kuongeza usiku wa tatu. Usitathmini chochote kabla ya wiki 12. Kama una mimba, unatarajia kuipata au unanyonyesha, iache kabisa. Krimu na kinga ya jua vitakutosha. Na kama macho yako yenyewe ni makavu, yana hisia ya mchanga au hutoa machozi ovyo, umwone kwanza daktari wa macho, kwa sababu retinoli huweza kuzidisha hali hiyo.

Juu ya vitu vya jikoni nitasema kwa ufupi. Tango baridi na majani ya chai yaliyopoa hupunguza uvimbe wa asubuhi kwa saa chache, na ubaridi ndio unaofanya kazi. Mafuta ya nazi na ya ubuyu ni vifuniko vizuri ukiyavumilia. Ute wa yai hukaza ngozi kwa muda wa sherehe, kisha huiacha kavu kuliko mwanzo. Limau, magadi na dawa ya meno zisikaribie macho yako. Kunywa maji unapohisi kiu, ila usijilazimishe lita nyingi ukitarajia yafike kwenye kope. Mtu asiyepungukiwa maji mwilini hanyooshi mikunjo kwa kunywa zaidi.

Sindano za kulegeza msuli na za kujaza mabonde zipo hata katika miji yetu mikubwa. Za kujaza chini ya macho zikiingia kwenye mshipa wa damu zinaweza kuleta upofu, kwa hiyo hazichomwi saluni wala sebuleni kwa mtu. Kwa hali yako sioni haja nazo.

Yapo machache ambayo ukiyaona usisubiri ratiba yangu: jicho moja tu linapobadilika na jingine likabaki sawa, maumivu ndani ya jicho, kuona ukungu au duara za rangi kuzunguka taa, au uso unaovimba kila asubuhi pamoja na miguu, hali ambayo huhitaji mkojo na figo kupimwa. Kwa kuwa ulipaka kile kikopo karibu na macho, ukipata nafasi hospitalini omba upimwe presha ya macho. Ni kipimo cha dakika chache.

Leo, kabla ya kuanza, jipige picha kwa simu kando ya dirisha, saa ileile utakayoirudia, uso umetulia, bila poda na bila kichujio. Piga nyingine wiki ya sita, kabla ya kuanza retinoli, na ya tatu wiki 12 baada ya kuianza. Niandikie ukiwa na hizo tatu, pamoja na majina ya viambato vya krimu utakayokuwa umeinunua.